Wimbo wa Jiwe la Kusagia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paredi tumeifanyia barazani. Maneno kumi ubaoni kwa Darasa la Saba, kama kila Jumatatu. "Bucket", "basket", "blanket", na mengine saba. Ijumaa imla. Kosa moja, fimbo moja. Ndivyo mapadre walivyonifundisha mimi, na ndivyo ninavyofundisha hapa, mwaka wa tisa sasa. Kiingereza cha Darasa la Saba katika shule hii ni mimi. Mzazi akitaka kujua kama mwanawe atachaguliwa kwenda sekondari, haendi kwa Mwalimu Mkuu. Anakuja kwangu.

Kelele kutoka Darasa la Tano kipindi kizima. Ni Mwalimu Damiani, huyu aliyeletwa Januari kutoka chuoni. Mluguru. Kijana, hana mke, alishuka kwenye lori na blanketi moja na sufuria. Amewaambia watoto waje na vijiti viwili viwili. Wanagonga madawati. Wanagonga mara mbili, anataja neno la Kiingereza, wanagonga mara mbili, wanajibu maana yake. Halafu wote wanaliimba. Nimepaza sauti mpaka koo limeniuma.

Sipendi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu kulalamika. Nimesema shule si ngoma. Nimesema kipya kinyemi ingawa kidonda. Amecheka, akaendelea kuchonga penseli.

Kisha akaniambia jambo lenyewe. Mwaka jana hakuchaguliwa hata mtoto mmoja kutoka hapa. Wazazi wananung'unika, wanasema tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa tupate shule na zahanati, zahanati haina dawa na shule haifaulishi. Mkaguzi atakuja Mei kupima Kiingereza cha kusema. Baada ya hapo, mwalimu atakayeonekana anafaa zaidi ndiye atakayelishika Darasa la Saba kuanzia Julai mpaka mtihani.

Alisema hivyo akiniangalia machoni. Kwa hiyo darasa langu liko mnadani, na mnunuzi ni kijana mwenye vijiti.

Ijumaa, 15 Machi

Imla. Waliopata yote kumi ni wawili. Wengine nimewachapa. Mkono wa kulia umechoka.

Jioni nilimkuta binti yangu Oliva anatoka kisimani na ndoo kichwani. Yuko Darasa la Tano, kwa Damiani. Anatembea na kutaja maneno, kila hatua neno. Ndoo, mti, njia, jiwe, mawingu, shingo, goti. Kwa Kiingereza, bila kusimama, na maji hayamwagiki. Nilitembea nyuma yake kimya mpaka nyumbani. Hakukosea hata moja. Mengine sijawahi kumfundisha mtu, na mawili nilikuwa nimeyasahau.

Baba mwingine angefurahi. Mimi nina wivu. Nimeuandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma humu.

Jumanne, 19 Machi

Damiani alinisalimia ofisini kwa adabu zote. Ananiita kaka. Aliniuliza ninatumia mbinu gani Darasa la Saba. Nikamwambia kazi. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia kitu cha maana. Hata kumchukia kunachosha, maana hanipi sababu.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimeutambua wimbo.

Wiki zote hizi nilikuwa nasikia vijiti tu na hasira zangu. Leo mvua ilikatika ghafla, nikausikia wote kuanzia mwanzo. Ni wimbo wa kupura ulezi. Ule wa uwanjani, watu wakiwa mistari miwili na magongo yao, upande huu wapige, upande ule wapige. Aliwauliza watoto nyumbani mnaimba nini mkifanya kazi. Wakampa unaowanogea kuliko zote, kwa sababu msimu wa kupura ndio wanaoshiba.

Hakujua, na wao hawakumwambia. Kwetu Ufipa wimbo wa kupura hauimbwi ulezi ukiwa bado shambani. Ukiuimba mapema umeuita ulezi kabla ya wakati wake. Ulezi ukiitikia, utakuja na mvua ya mawe au ndege, na uwanjani mtapura makapi. Watoto wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana nyumbani hawathubutu kuuimba. Shuleni wameamrishwa na mwalimu, kwa hiyo kosa ni la mwalimu. Watoto ni wanasheria.

Mimi mwenyewe siamini mambo hayo. Nimesoma. Lakini nimefurahi kuliko inavyompasa Mkristo katika Kwaresima.

Jumanne, 2 Aprili

Nilipita kwa Mzee Severini, mwenyekiti wa kijiji. Shikamoo, habari za mifugo, habari za magoti yake. Sikumshtaki mtu. Nilisema tu kwamba watoto siku hizi wana wimbo mzuri shuleni, na mzee akipata nafasi apande kilima akausikilize.

Alipanda saa nne. Nilimwona dirishani. Alisimama nje ya Darasa la Tano, mikono nyuma. Akashuka bila kumuaga mtu.

Nilikula chakula cha mchana vizuri sana.

Jumamosi, 6 Aprili

Baraza limekaa ofisi ya chama. Wazee wote, na kina mama wengi, maana habari za ulezi ni zao. Nilikaa nyuma karibu na mlango nisionekane nimekuja kuangalia.

Mzee Severini alieleza kosa. Damiani alisimama. Nilingoja abishe. Kijana wa chuo, nilijua atasema ushirikina, ataitaja siasa ya maendeleo, na wazee watamla mzima mzima. Ningemwona anapandishwa lori wiki ijayo na sufuria yake.

Hakubisha. Alichuchumaa chini kabisa, akapiga makofi ya taratibu kama anavyowaona watu wa hapa wakiomba radhi. Aliyapiga vibaya, makofi ya mgeni, watu wakatabasamu. Akasema amekosa kwa kutojua, na kwamba kwao Uluguru nako zipo nyimbo zenye majira. Akauliza faini. Wakasema kuku. Akasema atamleta.

Hapo ingetosha. Lakini akauliza tena, bado amechuchumaa: "Wazee wangu, mwezi huu unaruhusu wimbo gani?"

Mzee Severini akamwangalia mwenzake. Sidhani kama kuna mwalimu aliyewahi kuwauliza wazee hawa kitu. Kisha Bibi Melania, ambaye hana jino hata moja mbele, akasema wa kupalilia unaruhusiwa, na kabla hajaambiwa akauanza. Akina mama wakapokea. Walipomaliza mwingine akasema huo si wa upande wa Pito, upande wa Pito wanauimba hivi. Wakagombana, wakaimba zote mbili. Wakaja wanaume na wa kufukia majani kwenye matuta. Ng'ombe walirudi zizini wenyewe. Damiani alikuwa katikati anagonga kiti kwa vidole na kuuliza, hapa mnapumzika mara ngapi, hapa je.

Nilimpelekea mashtaka, kumbe nilimpelekea mtaji. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilichimba kwa jembe jipya.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Padre alihubiri juu ya jiwe lililoviringishwa. Nilikuwa nahesabu moyoni nani kati ya Darasa la Saba anaweza kujibu swali la mkaguzi bila kutetemeka. Nilifika kwa watatu.

Jumatatu, 22 Aprili

Shule imefunguliwa. Darasa la Tano wana wimbo mpya, wa vitu vya jikoni. "Salt", "water", "fire", "spoon". Hawagongi madawati. Wanainama mbele na kurudi nyuma wote pamoja, mikono imenyooka, kama watu wanaosaga. Sauti haipandi sana. Inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

Chaki ilinianguka.

Wimbo huo ni wa jikoni kwangu. Mke wangu Yustina huuimba akisaga. Si wa hapa, ni wa kwao bondeni, Mtowisa, nilikopangiwa kazi mara ya kwanza. Lugha ya kwao siijui. Tulichumbiana kwa Kiswahili na tunagombana kwa Kiswahili. Lakini sauti hiyo nimeamka nayo miaka kumi na miwili. Nikiwa safarini nikiikosa najua siko nyumbani. Na leo watoto arobaini wanaiimba mchana kweupe, na kijana wa watu amesimama mbele yao anachekelea.

Wanaiimba nyumba yangu.

Jumanne, 23 Aprili

Sijamuuliza mke wangu kitu. Nimekula kidogo tu. Ameniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemuuliza. Nilipanga niulize kwa utulivu, sikuweza.

Hakuficha. Damiani alikuja Jumapili moja baada ya misa na watoto wanne, Oliva akiwemo, mimi nikiwa nimelala. Alikaa nje, kwenye gogo, hakuvuka mlango. Akamwita shemeji. Akasema Oliva amemwambia mama yake ana wimbo wa kusagia usiofanana na wa hapa. Akaomba ausikie. Akasikia, akashukuru, akaondoka.

Nilimwambia mambo ya nyumba yangu hayatolewi nje kama majivu. Nikasema mengine ambayo sitayaandika hata humu. Alisubiri nimalize. Alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta.

"Baba Oliva," akasema, "yeye aliniomba. Wewe umewahi kuniomba?"

Nikatoka nje. Nimezunguka shamba la ujamaa lote. Ulezi umestawi, hakuna mvua ya mawe, hakuna ndege. Hata hilo limeniudhi.

Jumamosi, 27 Aprili

Sumbawanga mjini, kwa lori la ushirika. Nilikwenda kununua wino na mafuta ya taa. Mafuta hakuna. Kila mtu anaongea habari za mkoa mpya, nani atapata ofisi gani.

Kwenye duka la Mzee Abdala nimeona filimbi ya chuma, inang'aa. Mzee akaniuliza ni ya mpira? Nikasema ni ya Kiingereza. Akaniangalia kwa muda, akanifungia kwenye gazeti.

Sina sauti ya kuimba. Lakini hakuna anayehitaji sauti kupuliza filimbi. Mapigo ni mapigo.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika haraka ili nisahau.

Darasa la Saba, kipindi cha kwanza. Niliwaeleza: nitapuliza mara mbili, nitataja neno, nitapuliza mara mbili, mtajibu. Waliitikia kwa vichwa. Nikapuliza.

Darasa zima likasimama, likageuka kulia, likatoka nje kwa mwendo wa jeshi. Nikawapigia kelele warudi, hawakusikia, walikuwa wanaimba wimbo wa paredi. Darasa la Sita wakaona Darasa la Saba wako nje, wakatoka. Darasa la Nne wakatoka. Dakika moja shule nzima ilikuwa uwanjani imejipanga mistari, na Mwalimu Mkuu anatoka ofisini anavaa koti, anauliza ni mgeni gani amekuja.

Damiani hakucheka. Aliwarudisha wake darasani taratibu. Angecheka ningemwelewa.

Filimbi nimempa mlinzi wa ghala la mahindi.

Alhamisi, 16 Mei

Mkaguzi amekuja. Mtu mfupi, mpole, suti ya Kaunda, Land Rover imejaa tope. Alisema hataki daftari. Ataonyesha vitu, watoto wataje.

Akaanza na Darasa la Tano. Mwamvuli, kalamu, kofia, kitufe, bega, kivuli chake ukutani. Walijibu vyote. Hawakuimba, lakini nilisimama pembeni nikaona miguu yao chini ya madawati, inagonga vumbi kabla ya kila jibu. Mmoja aliita kitufe mfuko. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka, akasema tena sawasawa. Mkaguzi akaona kucheka huko, akaandika.

Kisha Darasa la Saba. Darasa langu. Mashati yamefuliwa, niliwaagiza. Alimsimamisha Kalisti, ambaye kwenye imla hupata nane, tisa. Mkaguzi akafungua mkanda wake wa suruali, akauinua juu, akauliza kwa Kiingereza hiki ni nini.

Neno hilo Kalisti analijua. Nililiandika ubaoni Februari. Anaweza kuliandika akiwa amefumba macho.

Kalisti aliuangalia mkanda. Akaniangalia mimi. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, akafumba macho, akangoja.

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alishusha mkanda polepole, akaurudisha kiunoni, akamwambia Kalisti kwa Kiswahili, kaa mwanangu. Wengine aliwauliza vitu vidogo vidogo. Watatu walijibu, kama nilivyohesabu.

Jioni mke wangu aliuliza mambo yalikwendaje. Nikamwambia vizuri.

Ijumaa, 17 Mei

Leo ilikuwa siku ya imla. Nimewapa imla. Fimbo niliiacha ofisini. Si kwa huruma, niliona haya kuishika. Wamekosa kama kawaida.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu Mkuu ameniita. Kuanzia Julai Damiani anashika Darasa la Saba. Mimi nakwenda Darasa la Tatu, wanaoanza Kiingereza, ambao hawajui hata neno moja. Amesema si adhabu. Amesema watoto wadogo wanahitaji mwalimu mzoefu. Alikuwa anachonga penseli ile ile, imebaki kipande cha kidole.

Ni adhabu.

Miaka tisa. Karani wa halmashauri mjini ni wa kwangu. Muuguzi kule Namanyere ni wa kwangu. Hata salamu hawaniletei, lakini ni wa kwangu. Sasa akichaguliwa mtoto mwaka huu watasema ni Damiani.

Namchukia. Nachukia zaidi kwamba anastahili.

Jumamosi, 8 Juni

Alikuja nyumbani, huyo Damiani. Safari hii alikuja kwangu. Alikaa kwenye gogo lile lile. Akasema: "Kaka, watoto wangu wanasema vizuri, kuandika hawajui. Mtihani ni wa kuandika. Nisaidie namna unavyowafundisha imla."

Nikamwambia awaulize wazee, labda mwezi huu unaruhusu wimbo wa tahajia.

Aliinamisha kichwa. Akamaliza maji aliyopewa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaaga. Mke wangu alisikia yote kutoka jikoni. Hakuimba siku nzima. Nyumba ilikuwa kama ya wapangaji.

Jumamosi, 22 Juni

Kupura ulezi wa kijiji. Mavuno makubwa. Wimbo sasa umeruhusiwa na watu waliupokea kwa nguvu, magongo yanapanda na kushuka, vumbi mpaka mawinguni. Watoto walikuwa pembeni wanatia maneno ya Kiingereza kwenye kiitikio. Wazee hawakukataza. Bibi Melania alikuwa anadakia "bucket" kila mahali, panapofaa na pasipofaa, na watu wakafa kwa kicheko.

Nilishika gongo langu kwenye mstari. Nilipiga kwa hasira, nikapoteza mapigo, nikavuruga upande wangu wote. Mzee Severini akaniambia kwa upole nipumzike kidogo, Mwalimu.

Jumatatu, 8 Julai

Darasa la Tatu. Wengine miguu haifiki chini wakikaa. Nimeandika maneno kumi ubaoni. Wakaniangalia. Nikasoma kwa sauti. Wakaniangalia. Kasichana kamoja mbele kakaanza kulia, nikauliza kwa nini, jirani yake akasema anaogopa Ijumaa.

Kumbe mpaka hawa wanaijua Ijumaa yangu.

Nimefuta ubao. Nimewaambia wachore ng'ombe. Saa nzima wamechora ng'ombe.

Jumatano, 10 Julai

Nimempelekea Damiani maneno ya imla ya miaka iliyopita, na namna ninavyoyapanga, ya herufi zinazofanana pamoja. Nimemwekea mezani na kuondoka. Sikufanya kwa wema. Watoto wale bado ni wangu mpaka mtihani wa Oktoba, apende asipende.

Alhamisi, 11 Julai

Ng'ombe tena. Leo wamewatia madoa.

Jumamosi, 13 Julai

Baridi kali. Ukungu haukuondoka mpaka karibu saa tano. Mashine ya kusaga ya kijiji bado inangoja mkanda kutoka mjini, kwa hiyo kila nyumba inasaga kwa jiwe. Oliva alikwenda kuni na wenzake.

Nimeingia jikoni, nikavuta kigoda, nikakaa. Mke wangu hakuuliza. Nilikuwa na la kusema, nililibeba tangu Jumatatu: kwamba Darasa la Tatu wananishinda, na kama ana wimbo mwingine anigawie. Sikulisema. Moshi uliniingia machoni. Nikakaa nikasikiliza.

Alianza kuimba baada ya muda. Ni wimbo ule ule, ule wa chumvi na maji wa Darasa la Tano, ila kwa maneno ya kwao. Nilikuwa sijawaza hilo. Damiani alichukua sauti. Maneno hakumpa mtu.

Mahali fulani alisimama katikati ya mstari kukusanya unga kwenye ungo. Mstari ukabaki hewani. Nikaumalizia mimi. Sikukusudia. Ulitoka wenyewe, kwa lugha ambayo sikujua kama najua neno lake hata moja, na sauti yangu mbaya, mpaka mwisho.

Yustina akageuka.

"Umefundishwa na nani?"

Nikasema hakuna. Nikasema nimesikia tu, humu humu.

"Unajua ulichosema?"

Nikasema sijui. Alicheka mpaka akaweka jiwe chini, akafuta macho kwa kiganja chenye unga. Kisha akaniambia. Wimbo ni wa bibi yake, na mstari huo unasema: jiwe linanisikia, mwenye nyumba hasikii.

Nilitaka kuinuka nitoke nje. Sikuinuka. Nilimwomba anipe neno moja moja. Akashika jiwe tena. Anasukuma mara mbili, anataja, anasukuma mara mbili, najibu. Jiwe. Unga. Nyumba. Hayo nimeyapata. Neno la kusikia limenishinda, lina sauti katikati ambayo ulimi wangu haujawahi kuipita. Nimelikosea mara nyingi sana. Kila nikikosea anacheka na kulirudia, na jiwe haliachi kwenda.

Bado sijalipata. Amesema tutaendelea kesho, kuna ulezi mwingi wa kusaga.